Mashine ya mkate iliyopigwa mchi

Dada yangu aliporudi kutoka Muscat alikuja na makontena mawili ya vyombo na tabia moja: kila kitu chake kinauzwa. Mashine ya mkate alitaka 180,000. Nilipoonekana kusita akasema, "Chukua ukae nayo wiki nzima. Ukiipenda lipa, usipoipenda nirudishie ilivyo."

Hilo neno "ilivyo" ningelisikiliza vizuri siku ile, nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Mama Nasra hakuitaka. Alikaa na daftari la matumizi, akanipigia hesabu pale pale mezani. Unga nusu kilo, 1,000. Hamira kijiko kidogo, 150. Sukari, chumvi na mafuta, 250. Umeme hata nusu yuniti haifiki, akaandika 150. Jumla 1,550, na mkate wa dukani ni 2,000.

"Unaokoa 450 kwa mkate. Ili kurudisha hela ya wifi inabidi uoke mikate mia nne. Baba Nasra, wewe mkate unakula silesi mbili, tena moja unaiacha."

Nikamwambia hajahesabu raha. Akauliza raha inaandikwa safu gani.

Basi tukaanza majaribio. Mkate wa kwanza nilitia maji ya moto nikidhani naisaidia hamira, kumbe naiua. Baada ya saa tatu nikatoa kitu ambacho Nasra alikigonga kwa kijiko kikalia kama mlango. Wa pili, lazima niseme haki, ulikuwa mkate kweli: maji ya kawaida kwanza, unga juu, halafu hamira kwenye kishimo kikavu katikati ili isigusane na chumvi. Nyumba ilinukia hadi jirani akaja kuazima chumvi asiyoihitaji. Chini una tundu la kile kijipanga kinachokanda, na wanangu walipigania kipande chenye tundu kana kwamba tundu lina nyama.

Hapo nikapanda kichwa. Jumamosi mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Lushoto, na mashine ina kitufe cha kuchelewesha: unatia vitu mchana, unaondoka, mkate unajiokea wenyewe muda unaoutaka. Mama mkwe huamka saa kumi na moja alfajiri, anaswali, kisha anataka chai. Nikajiona namkabidhi mkate wa moto. Mkwe gani Tanga nzima amewahi kufanya hivyo?

Kijitabu kilionya kwamba ukichelewesha usitie maziwa wala mayai, yataharibika kwa joto. Nikatii. Saa tisa alasiri, kabla ya kwenda kumpokea stendi ya Mbezi, nikatia kila kitu, nikabonyeza mpaka kioo kikaandika 11:00.

Mke wangu akachungulia. "Hiyo ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu?"

"Saa ni saa," nikamjibu, huku natafuta funguo.

Kumbe haikuwa ya Kiswahili wala ya Kizungu. Ile mashine haijui alfajiri wala jioni, inahesabu tu masaa ya kusubiri. Kumi na moja kutoka saa tisa alasiri ni saa nane usiku. Na kwa kuwa mkate unachukua saa tatu, ilipanga kuanza kazi saa tano usiku, watu wamelala.

Mama mkwe tulimlaza chumba cha Nasra, kinachopakana na jiko. Alikuja na gunia la viazi, ndoo ya plamu, na zawadi ya kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, mchi wake umechongwa kwa mti mgumu kama deni. Kwa vile jiko letu lina soketi moja, mashine ilikuwa juu ya meza ya plastiki, bega kwa bega na sinia la glasi za wageni.

Yaliyotokea kati ya saa tano na saa tano na robo niliyapata baadaye kutoka kwa Mama Nasra, ambaye aliyapata kwa mama yake.

Kwanza alisikia mngurumo. Grruu. Kimya. Grruu. Kimya. Ndivyo inavyoanza, inakoroga kwa kushtukiza ili unga usirukeruke. Mama mkwe akadhani ni mimi nakoroma. Akahitimisha kwamba mkwe wake amekosana na mwanawe na sasa analazwa jikoni. Kwa heshima zake akanyamaza, akajifunika shuka, akaanza kuniombea dua.

Kisha mashine ikashika kasi. Mashine ya mkate ikikanda unga mzito hutembea, na hii ikatembea mpaka kwenye sinia. Glasi zikaanza kugongana. Mama mkwe akawaza: mtu anayekoroma hawezi kuwa anaosha vyombo. Huyo ni mwizi.

Mimi niliamshwa na kishindo. Nikavuta taulo, nikashika simu, nikawasha tochi, nikakimbia. Mlangoni pa jiko mwanga wangu ukamkuta mama mkwe na kanga yake, mchi juu, ameshaipiga mashine pigo moja kifuniko kikapasuka. Lililomtisha ni kwamba mashine haikulia wala haikukimbia. Iliendelea kukanda.

"Hafi huyu!" akapiga kelele, akageukia mwanga. "Na mwenzie huyu hapa!"

Mchi ukainuka upande wangu. Nikafanya ambacho mtu yeyote angefanya: nikanyoosha mikono yote miwili juu.

Taulo halina mikono.

Namshukuru Mungu kwamba simu nayo ilipanda juu na mkono, ikamulika dari. Aliyoyaona mama mkwe katika ile sekunde yanabaki kati yake na giza. Nilichosikia ni mchi ukianguka sakafuni, na sauti ndogo ikisema, "Yarabi, ni mkwe."

Nikarudi chumbani kinyumenyume. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, hajasogea, machozi yanamtoka kwa kicheko. Alikuwa ameshajua tangu grruu ya kwanza.

"Saa ni saa," akasema.

Yeye ndiye aliyekwenda kuchomoa waya. Na mashine hiyo ukishaichomoa kwa muda inasahau ilikuwa inafanya nini, kwa hiyo mkate wa mkwe ukaishia pale.

Asubuhi nilichelewa kutoka kwa makusudi. Nilipotoka nikakuta nyumba inanukia iliki. Mama mkwe alikuwa ameamka saa yake, akaukuta ule unga umeumuka hadi unamwagika kwenye kopo, akaupiga ngumi ukashuka, akaongeza sukari, iliki na unga kidogo, akakata maandazi. Nikamwamkia kutoka mlangoni, mimi nikiangalia kalenda na yeye akiangalia karai.

"Nasra," akasema, "mwambie baba yako marahaba. Na chai tayari."

Maandazi yalikuwa mepesi ajabu. Nilikula sita. Mama Nasra akafungua daftari, akaandika kitu, akalifunga.

Dada nilimpigia Jumatatu. Nilimweleza yote isipokuwa habari ya taulo, ambayo tayari alikuwa nayo. Alicheka mpaka akakata simu. Kisha akatuma ujumbe: kwa ajili ya mama mkwe amepunguza, nimpe 150,000, kwa awamu mbili. Hivyo ndivyo nilivyoamua kununua mashine ya mkate.

Haikukaa kwangu lakini. Alhamisi, wakati wa kufunga mizigo, mtoto akatumwa tena. "Baba, bibi anasema Lushoto kuna baridi, unga unachukua muda kuumuka. Anauliza lile dude mnalitumia?"

Tulilifunga kifuniko kwa mpira wa baiskeli, likapakiwa kwenye basi pamoja na mchi wake.

Wiki mbili baadaye simu ya mke wangu ikalia, akaongea kidogo, akampa Nasra. Nasra akasikiliza, akanigeukia.

"Bibi anasema linakanda vizuri sana. Ila amelihamishia jiko la nje, maana usiku likianza kukoroma, anadhani umekuja."