Acheni kumchania maskini shati

Kwenye filamu nyingi za wanafunzi, ukitaka kumjua maskini tazama shati lake: limechanika begani, limepakwa vumbi, na mchaniko wenyewe unaonekana kabisa ni wa mkasi. Kwangu mimi huo ni uvivu, tena una dharau ndani yake. Panda daladala asubuhi kutoka Mbagala umtazame kibarua anayewahi kazini. Shati limepigwa pasi. Umaskini wake, kama ndio unautafuta, uko kwingine: kola imelika ukingoni, kifungo kimoja hakifanani na wenzake, kiatu kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kamera ikisogea karibu, hivyo ndivyo vitu vya kuonyesha.

Utasikia hoja ya bajeti, kwamba hakuna pesa ya mavazi. Jibu ni mitumba ya soko la Karume pale Ilala, Dar es Salaam: ni nguo ambazo tayari zina maisha yake. Ukinunua mpya itabidi uizeeshe mwenyewe: msasa kwenye viwiko na magoti, weupe uutulize kwa kuichovya kwenye chai ya rangi, halafu mwigizaji ashinde nayo nyumbani. (Weupe mkali unaisumbua kamera hata hivyo, na vimistari vyembamba sana huchezacheza kwenye skrini. Viacheni.) Tatizo la mtumba ni kwamba hupati mbili zinazofanana. Kama mhusika ataanguka kwenye tope, na tukio litarudiwa mara kadhaa, mvalishe kitu kinachouzwa kwa wingi, mfano sare ya shule.

Kinachoniudhi zaidi ni kanga. Mtu wa mavazi anachagua rangi; jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, halisomi. Watazamaji wetu wanasoma! Mjane akijifunga "Japo sipati tamaa sikati" msibani, ukumbi mzima utaangua kicheko na mwigizaji atadhani kakosea yeye. Jina hilohilo mpe jirani anayemnyemelea mume wa mtu, umeokoa kurasa mbili za mazungumzo. Tena kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vya jina moja: kimoja mke akifunge jikoni, cha pili kionekane kimeanikwa kwa yule jirani. Ila jambo kama hilo liingie kwenye skripti mapema na doti inunuliwe kabla ya kuanza kushuti, maana mzigo ukiisha dukani unaweza usilione tena jina hilo.