Koivu hapimwi kwa kombe

Mwandishi, umemweka Saku Koivu kwenye kundi la wachezaji wa hoki ya barafu "waliomaliza mikono mitupu" kwa kuwa hakutwaa Kombe la Stanley, taji la ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Huyu kijana wa Turku alibeba ubingwa wa dunia na Ufini mwaka 1995, ukiwa wa kwanza kwa nchi yake, na ana medali 4 za Olimpiki. Mwaka 1999 akawa nahodha wa Montreal Canadiens, timu ya NHL ya Kanada.

Septemba 2001 akagundulika na saratani, limfoma ya Burkitt. Tarehe 9 Aprili 2002 alirudi uwanjani, na mashabiki wakasimama kumshangilia kwa takriban dakika 8! Dada yangu alipitia tiba ya kemikali, kupanda ngazi tu kulimshinda, kwa hiyo najua mwili ule ulitoka wapi. Koivu akaenda kucheza mechi 12 za mtoano, akapata pointi 10 (mabao na pasi za mabao). Baadaye akachangisha fedha ili Montreal General Hospital ipate mashine ya PET ya kuchunguza saratani. Hayo hukuyaandika hata kwa sentensi moja. Tafadhali yaongeze.