Baba A, mama B, mtoto O: jenetiki inayofundishwa nusunusu

Katika mtaala wa 8-4-4 wa Kenya, biolojia ya Kidato cha Nne inafunguliwa na mada ya jenetiki. Haupiti muda kabla darasa zima halijaanza kuchora mraba wa Punnett: jeni za baba juu, za mama pembeni, visanduku vinne vinajazwa, jibu ni robo au robo tatu. Ubishi uliopo ni kama huko ndiko kumfundisha mtoto kutabiri sifa za kurithi, au ni kumkaririsha mchoro wa kuvunia alama.

Wanaoutetea mraba hawakosi hoja. Ukiwa Nairobi na darasa lililofurika na kipindi cha dakika 40, chaki na ubao ndivyo ulivyo navyo. Tena mraba unagusa maisha ya watu. Mwenye jeni moja ya selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) kwa kawaida haugui. Ni mbebaji tu. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa, mwenye jeni mbili. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za Kenya mwaka 1949, akakuta wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba jeni hiyo humkinga mbebaji dhidi ya malaria. Nairobi iko nyanda za juu, sawa, lakini jamaa za wanafunzi wake wametoka Kilifi, Siaya na Busia. Kwa baadhi yao, mraba ulio ubaoni ni habari ya nyumbani.

Wanaoulaumu wanaangalia mifano inayouzunguka. Kukunja ulimi na umbo la ndewe za masikio bado vinatajwa kama sifa za jeni moja. Mwanajenetiki wa Marekani Alfred Sturtevant ndiye aliyedai hivyo kuhusu ulimi, mwaka 1940. Mwaka 1952 mtafiti Philip Matlock akakagua jozi 33 za mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, na katika jozi 7 pacha mmoja aliweza kukunja ulimi, mwenzake akashindwa. Sturtevant mwenyewe baadaye alikubali kwamba ushahidi huo unamwangusha, ila mfano wake umegoma kufa. Urefu nao unaongozwa na maelfu ya tofauti ndogondogo za DNA, ukiacha lishe. Rangi ya ngozi pia ina jeni nyingi. Mtoto aliyeaminishwa kwamba kila sifa ina jeni yake moja atawatazama wazazi wake na kuanza kuhesabu. Na katika mitaa yetu, minong'ono ya "huyu hafanani na babake" haihitaji kuchochewa na mwalimu.

Hapo ndipo lawama inapoishiwa nguvu, kwa maoni yangu. Chukua baba wa kundi la damu A, mama wa B, mtoto wa O. Aliyeokota jenetiki juujuu atasema mama ana la kujibu. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri atajua kwamba jeni ya O hufichwa na ya A au ya B, ataandika AO kwa baba, BO kwa mama, na visanduku vinne vitampa AB, A, B na O, robo kila kimoja. Mraba uliokamilika unamwondolea mama tuhuma. Ila aelezwe pia kwamba kundi la damu linalolingana halithibitishi ubaba, kwa kuwa wanaume wengi wana kundi hilohilo.

Kinachofundishwa kwa haraka mno ni bahati. Robo haimaanishi kwamba kati ya watoto wanne lazima mmoja augue. Katika familia za wabebaji wawili zenye watoto wanne, takriban asilimia 42 zitapata mgonjwa mmoja kamili, na asilimia 32 hazitapata hata mmoja. Jaribio lake ni la bei ya chini: mikebe miwili, mmoja wa baba na mmoja wa mama, kila mmoja na maharagwe mekundu na meupe kwa idadi sawa, jeupe likiwa jeni ya selimundu, chomoa moja huku, moja kule, andika, rudisha. Kundi moja la wanafunzi likichomoa mara nne litapata vioja. Jumlisheni ya darasa zima, na meupe mawili yataanza kusogelea robo. Gregor Mendel, mwasisi wa jenetiki, hakuiona tatu kwa moja kwenye punje nne. Alihesabu punje 7,324 za njegere, 5,474 zikawa laini na 1,850 zenye mikunjo.

Kwa hiyo mraba ubaki. Ulimi na ndewe viondoke, pamoja na zoezi la "nenda nyumbani ukachunguze sifa za wazazi wako", kwa sababu wapo wanaolelewa na nyanya au shangazi, na wapo wasiomjua baba. Sekondari pevu ya mtaala mpya imeanza na Gredi ya 10 mwaka 2026, na watunga mitihani wake wana nafasi ya kubadilisha swali lenyewe. Wampe mwanafunzi wazazi wawili wabebaji ambao tayari wana watoto watatu wagonjwa, wamuulize mimba ya nne ina uwezekano gani, na aeleze kwa maneno yake bila kuchora chochote.