Death Valley ni ya kwenda peke yako

Ukimwambia mtu unakwenda Death Valley, bonde la jangwa huko California, peke yako, na kwamba utakuwa unalala ndani ya gari, swali ni lilelile: ukifia huko nani atajua? Halafu anakukumbusha kuwa umoja ni nguvu. Mimi naona kinyume. Kama kuna hifadhi ya taifa Marekani ninayotamani mtu aiingie bila kundi, ni hii, mradi aende kati ya Novemba na Machi, na amwachie mtu ratiba, mtu wa kupiga simu asipomsikia kwa muda waliokubaliana.

Jangwani kinachookoa watu wengi ni kugeuka mapema, na kundi haligeuki kirahisi. Nenda Golden Canyon ukaone. Njia inaanza kwa upole, pana, kati ya kuta za manjano, na bado kuna mabaki ya lami ya barabara iliyosombwa na mafuriko mwaka 1976. Asubuhi moja nilikuwa nashuka, nikapishana na vijana wanapanda. Wa mwisho alikuwa ameiva uso, na chupa yake ya nusu lita imebaki maji ya kufunika kitako tu. Akauliza imebaki kiasi gani. "Hapo mbele tu," akajibiwa, na aliyejibu hata hakutazama nyuma. Hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kuwaharibia wenzake safari. Kifo cha wengi arusi, wahenga walishasema. Yule kijana angekuwa peke yake, nadhani angekuwa ameshageuka zamani, na nani angemcheka?

Maji yenyewe hayana mjadala: hifadhi inashauri angalau lita nne kwa mtu kwa siku, na majira ya joto inashauri watu wasitembee kwa miguu mabondeni baada ya saa nne asubuhi. Joto la huko si la kujaribiwa. Julai 2024, wastani wa usiku na mchana kwa pamoja ulifika nyuzi 42.5. Mwezi huohuo mtalii kutoka Ubelgiji alipoteza ndala kwenye matuta ya mchanga ya Mesquite Flat akaungua nyayo vibaya. Helikopta ikashindwa kutua kumchukua, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi mno kuibeba, ikabidi kwanza apandishwe kwa gari hadi sehemu ya juu yenye ubaridi kidogo.

Habari kama hizo ndizo zinazosambaa. Lakini kinachoua watu wengi zaidi katika hifadhi hii ni ajali za gari moja, gari ambalo halikugongana na yeyote. Sisi wa kempa, yaani magari ya kulala, tungelitafakari hilo kabla ya kubishana kuhusu viatu. Ukiingia kutoka magharibi unavuka kipito cha milimani cha Towne Pass, mita 1,500 na kitu, kisha unateremka mpaka Stovepipe Wells, karibu usawa wa bahari. Gari limebeba kitanda, jiko, mtungi wa gesi na matangi ya maji; ukilikanyagia breki njia nzima zitanuka, na zikishanuka umechelewa. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, na wenye haraka waache wapite. Wakati wa kupanda, zima kiyoyozi na uiangalie sindano ya joto. Gari likigoma, baki nalo. Ni kivuli chako, na anayekutafuta ataliona gari kabla hajakuona wewe.

Simu karibu kote hifadhini haina mtandao, na ramani yake inaweza kukupeleka kwenye barabara ya vumbi iliyoachwa miaka mingi. Chukua ramani ya karatasi. Huwa nashangaa watu wanaotumia fedha nyingi kwa taa za urembo na mashine ya kahawa, lakini hawana kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Kwa msafiri wa peke yake hicho ndicho cha kwanza kununua, hata kabla ya friji.

Pa kulala? Kambi ya Sunset ni uwanja wa kokoto, na jirani akiwasha jenereta yake utaisikiliza utake usitake. Mimi naipenda Wildrose, iliyo juu zaidi ya mita 1,200, ingawa gari lenye urefu wa zaidi ya futi 25 haliruhusiwi njia hiyo. Mbele yake kuna matanuri ya mkaa ya mwaka 1877, na hapohapo ndipo inapoanzia njia ya kwenda kilele cha Wildrose, mita 2,763. Kabla ya kupanda mwambie jirani wa kambini unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na uache karatasi kwenye dashibodi. Hali ya barabara iulizie kwa askari wa hifadhi kabla hujaondoka nyumbani. Mvua za mabaki ya kimbunga Hilary, Agosti 2023, ziliifunga hifadhi nzima karibu miezi miwili.