Sindano au subira?

Mama mmoja wa Kayole, Nairobi, alimvua bintiye sweta mbele ya daktari, akamwonyesha: chini ya chuchu ya kushoto palikuwa na uvimbe mdogo, mgumu kama punje ya hindi: titi linaanza kuchipua. Msichana ana miaka saba na mtindio wa ubongo. Hatembei, hasemi, bado anavaa nepi. Mama alikuwa amesikia kuna sindano ya kusimamisha kubalehe. Daktari akamjibu, "Tungoje kwanza." Nje kwenye foleni, akina mama wakahukumu palepale: huyo hana huruma.

Hofu ya mama naielewa. Damu kila mwezi juu ya nepi, sodo za kununua, mtoto anayezidi uzito na mgongo wa kumbeba ni uleule. Na lile linalosemwa kwa kunong'ona, kwamba asiyeweza kupiga mayowe akinajisiwa ataachiwa jirani gani? (Hilo la mwisho sindano hailitibu.)

Lakini daktari naye hakusikilizwa. Watoto hawa kweli huanza mapema, ila kuanza si kumaliza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwakuta wasichana wazungu wenye mtindio wakianza kubalehe kabla ya wenzao, kisha wakipata hedhi ya kwanza kwa kuchelewa: umri wa kati ulikuwa miaka 14.0, wenzao 12.8. Hao si watoto wa Kayole, najua. Hata hivyo tarakimu hizo hazinitoki kichwani. Kati ya punje ile na damu anayoiogopa mama huenda ikapita miaka mingi. Tumchome mtoto kila mwezi, au kila miezi mitatu, kuahirisha jambo ambalo mwili wake huenda unaliahirisha wenyewe?

Kuna na mifupa. Kubalehe ndio msimu wake wa kujijenga, na ya mtoto asiyesimama ni dhaifu tayari. Dawa za kifafa kama fenobabitoni huidhoofisha zaidi. Sindano hupunguza kasi ya kuimarika kwake. Kwa mtoto anayekimbia, pengo hilo kwa kawaida huzibika dawa ikiachwa. Huyu hakimbii. Tena sindano ikifaulu, huipa mifupa muda zaidi wa kurefuka, kwa hiyo mama anayetafuta mzigo mwepesi anaweza kupata kinyume chake.

Sindano ina mahali pake. Dalili kabla ya miaka 8 kwa msichana, au 9 kwa mvulana, si za kupuuzwa. Matiti yakikua upesi, kimo kikiruka, na picha ya eksirei ya mkono wa kushoto ikionyesha mifupa imeutangulia umri, kungoja ni kosa.

Ndiyo maana "tungoje" ya daktari inahitaji futi ya kupimia. Asiyesimama hupimwa akiwa amelazwa, au hupimwa goti hadi kisigino. Mama alinionyesha karatasi yake. Uzito umeandikwa, na "arudi baada ya miezi sita". Kwenye kimo pana kistari tu.