Transilvanian Hunger: ughafi wa makusudi au uvivu uliopewa jina?

Kwa zaidi ya miaka 30 wasikilizaji wa bleki metali, tawi la muziki wa metali lenye kasi, giza na sauti za kukwaruza, hawajaafikiana kuhusu albamu moja yenye nyimbo nane na dakika zipatazo 39. Transilvanian Hunger ya Darkthrone, bendi ya Norway, ilitoka Februari 1994, na tangu hapo ukimwuliza mtu maoni yake utapata jibu moja kati ya mawili. Ama huu ndio muziki huo ukiwa umevuliwa kila kisichohitajika, ama ni wimbo mmoja uliorudiwa mara nane na kurekodiwa ndani ya ndoo. Wa katikati ni wachache.

Hoja ya walalamikaji ni nyepesi kueleza, na haina ujinga wowote ndani yake. Gitaa ni jembamba, kali, limezingirwa na mchakacho wa kaseti. Besi unaitafuta kwa tochi. Ngoma zinaingia na mdundo mmoja wa kasi, na mdundo huohuo ndio unaofunga wimbo, bila mbwembwe zozote za kukuvusha kutoka sehemu moja hadi nyingine. Sauti ya mwimbaji, Nocturno Culto, ni ya kukwaruza, na maneno, karibu yote ya Kinorwei, hata mwenye lugha yake atahitaji kuyasoma ndipo ayapate. Mtu aliyezoea metali ya studio kubwa, ile ambayo kila pigo la ngoma linakugonga kifuani, ana haki ya kuuliza amelipia nini hapa. Ana haki ya kushuku pia, maana kauli ya "nimefanya makusudi" imesitiri kutojua kwingi katika kila sanaa.

Ila kwa bendi hii shaka hiyo inagonga mwamba mapema. Albamu yao ya kwanza, Soulside Journey, ilitoka 1991, na waliirekodi katika studio ya Sunlight mjini Stockholm chini ya Tomas Skogsberg, fundi ambaye sauti ya magitaa aliyoitengeneza ndiyo iliyoitambulisha duniani dethi metali ya Sweden, tawi jingine la metali lenye sauti nzito ya kuunguruma. Humo kuna vipande vinavyogeukageuka kila baada ya sekunde chache, ngoma zilizopangwa kwa ufundi, na besi inayosikika bila kubembelezwa. Aliyepiga ngoma hizo ni Fenriz. Aliyepiga ngoma za Transilvanian Hunger ni Fenriz huyohuyo.

Jambo hili hurukwa haraka mno, kwa hiyo naomba tukae nalo kidogo. Mtu aliyeyaweza ya 1991 anapokaa dakika sita nzima bila kubadili mdundo, si kwamba mikono imemwishia ufundi. Anajizuia. Na kwa mpiga ngoma kujizuia ni kazi ngumu kuliko kuonyesha, kwa sababu kila kipande kinapogeuka mkono wenyewe unataka kutupa pigo la ziada ili kutangaza kwamba tumegeuka. Katika wimbo unaobeba jina la albamu gitaa linageuka, ngoma hazisemi kitu. Msikilizaji anaachwa atambue mwenyewe kwamba ardhi imebadilika chini ya miguu yake. Ndiyo maana wengi hudhani haikubadilika.

Wala hawakufika huko kwa ajali. Walipobadilisha mwelekeo kuingia bleki metali na kupeleka albamu ya A Blaze in the Northern Sky, iliyotoka 1992, kampuni yao ya Peaceville ya Uingereza ilishtuka, kwani ilikuwa imesaini bendi ya dethi metali. Ikataka sauti ichanganywe upya. Vijana wakagoma, wakasema wako tayari kuipeleka kwa Euronymous, mpiga gitaa wa Mayhem, bendi nyingine ya bleki metali ya Norway, aliyekuwa na lebo yake ya Deathlike Silence. Peaceville ikakubali yaishe. Sasa, bendi isiyojua kurekodi hushukuru ikisikia kuna mtu atakayeisafishia kazi kwa gharama zake. Hawa walikuwa tayari kupoteza mkataba ili wasisafishiwe.

Transilvanian Hunger ikaenda mbali zaidi. Ilirekodiwa mwishoni mwa 1993 kwa mashine ya kaseti yenye traki nne, katika kile walichokiita Necrohell Studios, jina kubwa kwa vifaa vya nyumbani vya Fenriz. Bendi ilikuwa imebaki na watu wawili: Fenriz akapiga vyombo vyote, Nocturno Culto akaimba. Traki nne ni kitu gani? Ni njia nne tu za kurekodia sauti, kila moja peke yake: ukizipa ngoma mbili umebakiwa na mbili za kugawa kati ya gitaa, besi na mwimbaji. Ukitaka kuongeza chombo itabidi urundike sauti mbili kwenye traki moja, na kila ukirundika mchakacho unapanda. Wimbo unaotegemea kupishana kwa sehemu laini na sehemu nzito, au magitaa matano yanayojibizana, ungefia hapo. Wimbo ulioandikwa uwe mkondo mmoja usiokatika unaishi vizuri tu. Kwangu mimi hii ndiyo siri ya albamu: nyimbo zimetungwa kwa ajili ya mashine ile. Kusema zingefaidika na studio bora ni kudhani kwamba zilikuwepo kwanza, kisha zikaharibiwa na kaseti.

Sikiliza kwa karibu wimbo wa kwanza, huo unaobeba jina la albamu. Mkono unaochuna nyuzi unakwenda mbio kiasi kwamba mapigo yanaungana na kuwa kitu kama ukungu. Ngoma nazo zinakimbia. Lakini ukiifuata melodia yenyewe, utakuta inatembea taratibu sana, noti moja inakaa, kisha inahamia nyingine iliyo jirani, kisha inarudi. Mwendo wa kasi uko juu juu, polepole iko chini. Baada ya dakika mbili hivi sikio linachoka kuhesabu mapigo na kuanza kuisikia ile polepole, na hapo ndipo mashabiki huanza kuzungumzia usingizi, baridi, ndoto. Wanachekwa kwa maneno hayo, lakini wanaeleza jambo halisi. Gitaa kali lisilo na besi ya kulituliza, likirudia noti zilezile kwa dakika kadhaa, huzalisha milio ya juu inayogongana, na utaapa kuna sauti ya tatu ambayo hakuna aliyeipiga.

Halafu fikiria albamu hii imesafishwa: besi imeshiba, ngoma zinapasua, kila noti imesimama peke yake kama askari kwenye gwaride. Marudio yaleyale yangebaki uchi. Yangechosha kweli, na safari hii walalamikaji wangekuwa na haki yote.

Darkthrone hawakuwa peke yao katika uamuzi wa namna hii. Varg Vikernes wa Burzum, bendi yake ya mtu mmoja ya Norway, amesimulia kwamba kwa albamu ya Filosofem, iliyorekodiwa 1993 na kutoka 1996, aliomba kipaza sauti kibovu kuliko vyote vilivyopo, akaishia kuimba kwenye kile cha hedseti. Ulver, bendi nyingine ya Norway, walipotoa albamu ya Nattens madrigal mwaka 1997, yenye sauti inayochoma masikio, ulienea uvumi kwamba wamezila fedha za kampuni kwa suti na gari, kisha wakaenda kurekodi msituni. Bendi ilikana. Uvumi ule hunifurahisha kwa sababu moja: ilikuwa rahisi kwa watu kuamini wizi kuliko kuamini kwamba mtu mwenye fedha ya studio anaweza kutaka isikike vile.

Upande wa mashabiki nao una mabaya yake, na si haba. La kwanza ni lile jibu la "hujaelewa wewe", linalotolewa kwa kila asiyependa, kana kwamba kutopenda ni ugonjwa unaotibika kwa kusikiliza tena. Mtu anaweza kuelewa kila nilichoandika hapo juu na bado akaona albamu haimfai. La pili ni kizazi kilichofuata. Kama chumba cha kulala na mashine ya kaseti vinatosha, basi kila mwenye gitaa anaweza kuwa bendi ya mtu mmoja, na wengi wakawa. Mlango uliofunguliwa ulipitisha kazi nzuri za watu ambao studio isingewatazama mara mbili, na ulipitisha takataka kwa malori. Hapo shaka ya walalamikaji inarudi ikiwa na nguvu, kwani waigaji wengi waliuchukua mchakacho wakaacha utunzi. Kipimo changu ni cha kizamani: melodia ya Transilvanian Hunger unaweza kuipiga mluzi, ukiwa umeondoa gitaa, ngoma, kaseti na kila kitu, na anayeijua ataitambua. Jaribu hivyo kwa nusu ya walioiga.

Sasa niende kwenye jambo ambalo watetezi wa albamu hii hulipitia kwa haraka inayotia mashaka.

Nyuma ya jalada la toleo la kwanza paliandikwa "Norsk Arisk Black Metal", yaani bleki metali ya Kiarya ya Norway, Kiarya likiwa neno la Wanazi kwa waliyemwita mtu wa mbari bora. Bendi ikaongeza taarifa kwamba albamu haikosoleki, na kwamba atakayejaribu kuikosoa adharauliwe kwa tabia yake ya wazi ya Kiyahudi. Peaceville ikajitenga na maneno hayo. Darkthrone wakajieleza kwamba kwa vijana wa Norway neno "Myahudi" lilitumika tu kumaanisha kitu kibaya au cha kijinga, utetezi ambao ukiutafakari unazidi kuwaumbua. Albamu iliyofuata, Panzerfaust ya 1995, iliyotoka kwa lebo nyingine, ilibeba tamko kwamba Darkthrone si bendi ya Kinazi wala ya kisiasa, likifuatwa na tusi kwa atakayeendelea kufikiri hivyo. Tamko hilo limechapwa kwenye albamu iliyopewa jina la silaha ya Wajerumani ya kulipua vifaru katika Vita Kuu ya Pili.

Kuna na hili: maneno ya nyimbo nne kati ya nane yaliandikwa na Vikernes, ambaye albamu ilipotoka alikuwa mahabusu akisubiri kesi ya kumuua Euronymous mnamo Agosti 1993. Mei 1994 alihukumiwa miaka 21, adhabu ya juu kabisa Norway, kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Na wimbo mmoja humu, As Flittermice as Satans Spys, unamalizika kwa sauti iliyogeuzwa kinyumenyume inayosema makanisa na yaungue. Makanisa halisi yalikuwa yameungua.

Mashabiki hujibu kwa namna mbili. Wengine husema maneno hayasikiki, tena ni ya Kinorwei, na yanazungumzia milima, makaburi na misitu zaidi ya kitu kingine, kwa hiyo muziki usimame peke yake. Kwa maneno ya nyimbo zenyewe hoja hii ina uzito kiasi. Kwa jalada haina, maana jalada lilichapwa ili lisomwe. Wengine husema walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wakali, wakitafuta la kumuudhi kila mtu, na maneno yakawateleza.

Hapa ndipo siwezi kuwafuata. Utetezi wote wa sauti ya albamu hii, nilioutoa mwenyewe kwa aya nyingi, unasimama juu ya makusudi. Tunasema mchakacho ulichaguliwa, besi ilizikwa kwa kutaka, ngoma zilinyimwa uhuru kwa uamuzi, mkataba mzima uliwekwa rehani ili kusibadilishwe kitu. Watu waliopigania kila sekunde ya sauti yao namna hiyo hatuwezi kuwageuza ghafla watoto wasiojua walichokiandika kwenye karatasi yao wenyewe. Ama walijua walichokuwa wakifanya, ama hawakujua. Mimi naamini walijua, na kwa imani hiyohiyo inayonifanya niitetee sauti, nalazimika kusema jalada lile na taarifa ile ni vyao kikamilifu, na havina udhuru.

Je, hilo linaibatilisha albamu? Kwangu haliibatilishi, ingawa linaifanya iwe kitu ambacho simpi mtu bila kumweleza kinakotoka. Msikilizaji anayesema hataki kuwa nayo kwa sababu ya jalada na ile taarifa ameielewa barabara, na simbishii. Anayeikataa kwa sababu ngoma hazibadiliki ningemwomba aweke wimbo wa kwanza, sauti iwe ya wastani, akae nao dakika zote sita bila kushika simu, akifuata gitaa na kuziacha ngoma zipite. Kama bado haupendi, basi haupendi.