Siku niliyokuwa bibi wa miaka 67, Tanga

Nianze kwa kusema mimi mbio nilizozijua maisha yangu yote ni za kukimbilia daladala, na hizo nazo niliacha siku niliponunua Hiace. Hiace yenyewe ilikuwa daladala ya Mbagala, mwenye gari alichoka nayo nikaichukua kwa bei ya kusikitikiana, nikang'oa viti vya nyuma nikatupia godoro, mtungi mdogo wa gesi, ndoo, pazia, na ule mstari wa njia ubavuni nikaupaka rangi mara mbili ukatokeza mara mbili, nikauacha.

Mpango wangu ulikuwa mzuri tu. Likizo siku kumi, Dar mpaka Tanga, Tanga mpaka Pangani, peke yangu, simu nimezima, nalala garini nasikiliza bahari. Mama nilipomwambia akauliza nimegombana na nani. Nikasema sijagombana na mtu mama, nataka utulivu. Akanyamaza afu akasema, "Tanga kuna mama yako mdogo pale, halafu unaenda kulala barabarani kama mzigo uliokosa mwenyewe?" Nikamwambia nitampitia. Sikuwa na nia ya kumpitia, Mungu anisamehe.

Nikaondoka alfajiri, Chalinze, Segera, nikakata kulia, Muheza nikasimama kwa sababu huwezi kupita Muheza bila kununua machungwa, ni kama kupita kwa mkwe bila kusalimia. Nikachukua ndoo nzima. Tanga nimeingia jioni, nikaenda kupaki Raskazone pembeni ya barabara, upepo unapiga, mawimbi yanasikika, mtu hakuna. Kupika nikaona uvivu, nikala machungwa. Asubuhi yake nilihesabu maganda, chungwa kumi na nne. Kumbuka hiyo namba.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mlango unagongwa. Nikafungua, mama mmoja na kikapu chake.

"Kaka, unapeleka Sahare?"

"Samahani mama, hii si daladala."

Akautazama mstari, akanitazama mimi niko kifua wazi juu ya godoro, akasema "Basi ungeufuta," akaondoka zake.

Nikachungulia nje sasa, aisee, utulivu wangu umevamiwa. Mbele kuna utepe, nyuma kuna utepe, spika zinapiga muziki, watu mamia wamevaa tisheti za kufanana wanajinyoosha, na Hiace yangu iko katikati kama imealikwa. Nikamfuata trafiki nikamwomba nitoe gari. Akaniambia hapa kuna mbio, gari haitoki mpaka saa nne na nusu, na akanishauri kama sina kazi ya kufanya na mimi nikimbie.

Angesema kwa utani ningecheka. Alisema kama anashauri kweli. Na unajua hali ilivyo sasa hivi, tangu mkimbiaji wetu Simbu achukue dhahabu ya marathoni mashindano ya dunia Tokyo 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, kila Mtanzania anajihisi ana mapafu ya akiba mahali fulani. Nikaona kuna kilomita tano, nikajiambia tano ni nini bwana, si kama kutoka Ubungo kwenda Magomeni, nachukua tisheti, napewa chai, gari inafunguliwa, naondoka zangu Pangani.

Kwenye meza ya kujiandikisha wakasema namba zimeisha. Pembeni akasimama dada mmoja na bahasha mkononi, akasema mama yake mkubwa alijiandikisha lakini kaamka goti limevimba, namba ipo, itapotea bure, chukua tu kaka. Nikaichukua, nikaibandika kifuani. Ya bluu. Sikusoma kitu. Nilikuwa natafuta pini ya nne.

Bastola ikalia, tukaondoka. Nilikuwa nimevaa bukta ya mpira ya zamani na raba ambazo soli imekauka mpaka zinagonga lami kama viatu vya bendi. Mita mia nane za mwanzo nilikuwa hatari, nikawapita watu wengi sana, nikawaonea huruma. Baada ya hapo wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Nikajikuta nalingana na mzee mmoja mwembamba kama kijiti cha mshikaki, kofia ya mkono kichwani kama anaelekea msikitini, anakimbia mdomo umefungwa. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Unahema."

"Nimeanza kwa kasi mzee."

"Hata kilomita mbili hatujafika."

Yule mzee kumbe kazi yake ilikuwa kuongea, kukimbia alikuwa anakimbia tu ili apate mtu asiyeweza kukimbia amwache. Akaniuliza nimefikia wapi, nikamwambia nimelala pale Raskazone garini. Akacheka. Akaniambia unajua pale walishuka kina nani? Novemba 1914, vita kuu ya kwanza, Mwingereza kaleta askari kama 8,000 kutoka India kwa meli, Mjerumani mjini hapa ana watu kama elfu moja, wengi wao askari weusi. Wale wameshuka wamechoka na bahari, njia hawaijui, wakaingia kwenye mashamba na vichaka wakapigwa, na katikati ya risasi nyuki wakakasirika, wakauma huku wakauma kule, nyuki hakuuliza mtu ni wa mfalme gani. Tarehe 5 wakarudi melini, bunduki na risasi wameziacha ufukweni.

"Mgeni akija Tanga hajajiandaa," akasema, "huondoka anakimbia. Wewe afadhali umelipa kabisa."

"Sikulipa mzee, namba nimepewa."

"Ahaa," akasema, "ndo maana."

Nilitaka kumuuliza ndo maana ya nini lakini pumzi niliyokuwa nayo ilikuwa ya kutumia mwenyewe.

Tukafika mahali watu wanageuka. Nikageuka nao kwa furaha, sitakudanganya, nilishaanza kuisikia harufu ya chai. Kijana mwenye kibendera akanishika bega. "Bluu mbele! Bluu hamgeuki hapa!" Nikamwambia mimi wa tano. Akanisomea kifuani kwangu, "Ishirini na moja. Nenda mzee wangu, unaweza." Mzee wangu! Nina miaka thelathini na nne. Na nyuma yake watu wanapiga makofi, na yule mzee wa kofia kasimama anakimbilia palepale ananisubiri, sasa utasema nini mbele za watu? Nikasonga.

Tukatoka mjini upande wa kwenda Amboni. Jua limetoka, na jua la Tanga halina utani, unyevu unakushika kama taulo la moto. Na kwenye kilomita ya tisa hivi yale machungwa kumi na nne yakakumbuka kwamba hayakupikwa.

Waliosafiri na mabasi ya mikoani wanajua kuchimba dawa. Basi linasimama, wanaume kushoto, wanawake kulia, dakika tano. Mimi sikuwa na basi wala dakika tano. Nikaangaza macho, pembeni kuna kichaka, nikaingia bila kuchagua, nikachuchumaa kwa kasi ambayo tangu mwanzo wa mbio nilikuwa sijaifikia.

Kilikuwa kichaka cha mkonge.

Kwa asiyeujua mkonge, jani lake ni upanga, na nchani mwa upanga pana mwiba mweusi mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Sikuukalia wote. Niliukalia mmoja. Nilipiga kelele watu wakadhani nimeona chatu, nikaruka, bukta ikanasa kwenye jani la pili, nikasikia ile sauti ya kitambaa ambayo mtu huisikia mara moja ukajua huna tena nguo. Imepasuka kutoka kiunoni mpaka chini, kwa nyuma.

Nikatoka nimeshika nyuma kwa mkono mmoja. Mzee yupo, kasimama kivulini, hana hata jasho.

"Umechomwa?"

"Ndiyo mzee."

"Unajua mkonge si wa kwetu?" Wallahi alianza. "Kauleta Mjerumani anaitwa Hindorf, mwaka 1893, asili ya mkonge Mexico, akaupitishia Florida. Miche elfu moja ilisafirishwa, iliyofika hai 62 tu. Hiyo 62 ndo ikazaa mashamba yote ya Tanga unayoyasikia."

Nikawaza, ile 62 nayo ingefia njiani leo hii mimi ningekuwa nakaa vizuri.

Nilimwambia mzee mimi basi, natafuta bodaboda. Akaniuliza, Akhwari unamjua, yule mkimbiaji wetu wa marathoni? Olimpiki ya Mexico 1968, kaanguka, goti limeumia, kafungwa bandeji, giza limeingia na bado kaingia uwanjani kumaliza. Nikamwambia mzee, Akhwari aliumia mahali panapofungika bandeji. Alicheka mpaka akapoteza mwendo, ndo mara pekee nilimwona anahema. Kwenye kilomita ya kumi na tano akanipiga bega akasema ana mtu anamsubiri chai, akaniacha kama tulikuwa tumesimama.

Kilomita sita za mwisho sina la kusimulia. Nilitembea, nikakimbia penye watu, nikatembea. Mkono nyuma. Mtoto mmoja wa baiskeli alinisindikiza muda mrefu bila kusema kitu, akiniangalia kwa nyuma, mpaka nikamwambia mdogo wangu nenda kwenu.

Nafika mwisho sasa. Pale kuna mkeka unasoma chipu ya kwenye namba, jina lako linamtokea MC kwenye skrini. Mimi niko mbali nasikia MC anapandisha sauti, "Ndugu zangu, anaingia sasa, mama yetu, bibi yetu, miaka SITINI NA SABA!" akataja jina (silisemi, mwenyewe ni mtu wa heshima), "nafasi ya tatu akina mama zaidi ya miaka sitini! Wanawake wa Tanga mpooo?" Vigelegele vikapasuka. Na mimi, mjinga, nikageuka nyuma kumtafuta huyo bibi nimpigie makofi.

Nyuma hapakuwa na mtu.

Niligeuka mbele nikakuta mamia ya macho yananitazama, ndevu zangu, kifua changu, mkono wangu uko matakoni. Vigelegele vikafia kooni kimoja kimoja. MC akaangalia skrini, akaniangalia, akaangalia skrini. Akasema taratibu kwenye spika, "Bibi... karibu."

Uwanja ulilala. Kuna mama alikaa chini kabisa akipiga mchanga kwa kiganja. Binti wa medali hakuwa na maelekezo mengine, akanivisha medali, akanikabidhi zawadi ya akina mama, doti ya kanga. Nikaifunga kiunoni palepale, sikuomba ruhusa ya mtu, maana kwa hali ya bukta ile kanga ilikuwa rehema. Baadaye ndo nikaona watu wanaisoma nyuma yangu na kucheka upya. Jina lake lilikuwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Nikaenda kwa waandaaji kujieleza, nafasi ya tatu wapewe wenyewe, kijana wa kompyuta akasema atalishughulikia. Bado nasimama pale, yule dada wa bahasha kaja, kamshika mkono mama mtu mzima, baibui, goti limefungwa kitambaa, anachechemea. Nikajua ndo mwenye jina.

"Shikamoo mama. Naomba unisamehe sana."

"Marahaba. Umetumia muda gani?"

"Mama mimi sikujua kama namba ni..."

"Nimekuuliza muda."

"Masaa matatu na dakika kumi na moja."

Akafumba macho. Akamgeukia dada. "Masaa matatu." Akanirudia mimi. "Mwaka jana nilikimbia mbili na arobaini na mbili. Na nilisimama njiani mara mbili kusalimiana na watu. Sasa wewe umenizeesha nusu saa nzima kwa mwaka mmoja, majirani watasema nini?"

Sikuwa na jibu. Akavua medali shingoni kwangu akaiweka kwenye pochi. Akaitazama kanga, akanizunguka nyuma kuangalia hali, akasema hiyo ubaki nayo kwa leo, uifue, uipige pasi, uniletee nyumbani Ngamiani. Akanipa na namba ya barabara, maana Ngamiani mitaa inahesabiwa.

Watu wa Tanga wana msemo wao kuhusu mji, waja leo waondoka leo. Mimi nilikuja jana na leo nilitaka kuondoka, saa nne na nusu njia ikafunguliwa, nikapanda garini, nikakaa upande kwa sababu ya mwiba, nikakanyaga klachi. Mguu ukakataa. Nikalibonyeza goti kwa mikono miwili, klachi ikaingia, nikabadili gia, kuutoa mguu sasa haikuwezekana. Nikazima gari nikalala.

Jioni nikawasha simu nitafute mtu wa kuniletea dawa ya kuchua. Ikaita kabla sijafungua chochote. Mama.

"Mama yako mdogo kaona video. Anauliza kama umekuja Tanga kwa nini hukwenda kwake. Na anauliza hiyo kanga umenunua wapi."

Nililala kwa mama mdogo siku mbili. Alinichua kwa mafuta ya nazi ya moto huku akicheka, majirani wakija mmoja mmoja kunipa pole, na kila mmoja alitaka hadithi ianze mwanzo. Siku ya tatu klachi ikaingia na kutoka, nikaifunga kanga kwenye gazeti, nikaendesha taratibu mpaka Ngamiani, njiani watu wawili wamenipungia mkono niwapakie na mmoja nilimpakia kweli, nilishachoka kubishana.

Nikapiga hodi. Akatoka mtoto wa miaka sita hivi, akanitazama usoni, akaitazama kanga, akageukia ndani akapaza sauti:

"Bibi! Yule bibi mwingine kaja!"